Kuuliza Si Ujinga: Maswali Yetu Juu ya Vibali, Leseni na Huduma za Kaunti

SOMO LA KIKUNDI



Katika kuwatembelea kwenu vijijini tumekusanya maswali mengi, na karibu yote yanafanana. Nani wa kuulizwa juu ya maji? Je, mtu akijenga kwa shamba lake mwenyewe anahitaji ruhusa ya nani? Askari wa kaunti akija kibandani, nifanye nini? Basi somo hili ni la kujibu maswali hayo. Lisomwe kwa sauti katika mkutano, pole pole, na mtu mmoja aandike yale mnayokubaliana.

Lengo: Mwisho wa somo kila mmoja wetu ajue ni ofisi gani inahusika na nini, aombe nini kwa maandishi, na afanye nini akikataliwa.

Muda: Saa mbili. Mkiona ni ndefu, gawanyeni kwa mikutano miwili.

Vifaa: Daftari la kikundi, kalamu, na risiti zozote za kaunti mlizo nazo nyumbani.

1. IGIZO LA KUANZIA

Chagueni watu watatu. Wa kwanza ni mama mwenye kibanda cha kuuza mboga na unga sokoni. Wa pili ni askari wa kaunti. Wa tatu ni jirani anayepita.

Askari anasema kibanda hakina kibali, kitabomolewa leo. Mama anajibu, "Lakini chifu aliniruhusu!" Askari anauliza, "Barua iko wapi?" Barua hakuna, ilikuwa ni mdomo tu. Jirani anamnong'oneza mama, "Wewe mpe kitu kidogo aende zake." Mama anafungua leso, anatoa mia mbili. Askari anaenda. Wiki ijayo anakuja askari mwingine.

Baada ya igizo, jadilini:
a) Mmeona nini?
b) Kwa nini mambo yakawa hivyo?
c) Je, hata hapa kwetu hutokea?
d) Yule jirani, alimsaidia mama ama alimwongezea shida?

Msikimbilie majibu. Wale waliopitia mafunzo ya DELTA wanajua kwamba tukirukia dawa kabla ya kujua ugonjwa, tunapoteza dawa na mgonjwa.

2. KISA AMBACHO BADO KINANIUMA

Nitawaambia jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwemo. Miaka michache iliyopita nilikuwa nikifanya kazi na kikundi cha akina mama ishirini na wawili. Walikuwa wameweka pesa za mzunguko kwa muda mrefu, wakauza kuku, wakauza mayai, hata wengine wakanyima watoto nguo za Krismasi, ili wajenge nyumba ya posho mili karibu na soko. Mzee mmoja aliwaonyesha kiwanja kando ya barabara, akasema hapo hakuna mwenyewe. Tulishukuru Mungu. Siku ya kuchimba msingi nilialikwa. Niliomba sala ya kufungua, nikashika jembe, nikapigwa na picha.

Jambo ambalo sikufanya ni kuuliza swali moja tu: kiwanja hiki ni cha nani kwa ramani?

Kuta zikafika kwenye linta. Ndipo wakaja watu wa ofisi na rangi nyekundu, wakachora alama ya X. Kumbe pale palikuwa ni hifadhi ya barabara. Hapakuwa na kibali, na hata kama tungaliomba, tusingalipewa, kwa maana hifadhi ya barabara si mahali pa kujengwa nyumba ya mtu wala ya kikundi. Mabati tuliyaokoa, mlango tuliuokoa, lakini mawe, simiti na kazi ya fundi vilienda. Akina mama saba waliacha kikundi. Mmoja aliniambia bila hasira, "Wewe ndiye uliyesoma. Sisi tulidhani wewe unajua."

Alisema kweli. Nilisomea kazi ya jamii, sikusomea mambo ya ramani, lakini mlango wa kuuliza ulikuwa wazi na sikuupitia. Ndiyo sababu ninaandika somo hili.

Someni Luka 14:28-30. Bwana wetu anasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba yafaa kwanza aketi chini ahesabu gharama. Sisi tulihesabu mawe, mchanga na mabati. Kibali hatukukihesabu.

3. NANI ANAHUSIKA NA NINI?

Wazee wetu walizoea county council na manispaa. Hizo zilifutwa. Katiba mpya ilitangazwa tarehe 27 Agosti 2010, na baada ya uchaguzi wa Machi 2013 zikaanza serikali za kaunti, 47 kwa jumla. Jedwali la Nne la Katiba linagawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti. Kwa ufupi, shikeni hivi:

Kaunti: zahanati na hospitali za kaunti, barabara za kaunti, masoko, leseni za biashara, maji na usafi, mpango wa ujenzi, taka, shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, kilimo na mifugo.

Serikali kuu: polisi, kitambulisho, shule za msingi na sekondari, barabara kuu, hati za ardhi.

Sasa, chifu yuko wapi? Chifu na naibu wake ni watu wa serikali kuu. Wanaweza kuwatambulisha, kuitisha baraza, kupatanisha majirani. Lakini chifu hana uwezo wa kutoa kibali cha kujenga wala leseni ya biashara. Yule mama wa igizo aligonga mlango wa nyumba nyingine.

Upande wa kaunti, mtu wa karibu ni msimamizi wa wadi. Huyu ameajiriwa, si mwanasiasa. Mwakilishi wa wadi, yule tunayemwita MCA, amechaguliwa, na kazi yake ni kutunga sheria za kaunti, kupitisha bajeti na kuangalia serikali ya kaunti inavyofanya kazi. Shida ya huduma, anzeni kwa msimamizi wa wadi. Shida ya sheria au ya ada, mwoneni MCA.

4. MASWALI YENU NA MAJIBU

Swali: Shamba ni langu na hati ninayo. Kwa nini niombe ruhusa ya kujenga?

Jibu: Hati inasema ardhi ni yako. Haisemi unaweza kufanya lolote juu yake. Katiba, Kifungu 66, inaipa serikali uwezo wa kusimamia matumizi ya ardhi kwa ajili ya usalama, afya ya watu na mipango. Fikiria jirani akichimba choo mita chache juu ya kisima chako. Shamba ni lake, lakini maji ni ya kunywa watoto wako.

Sheria inayotawala sasa ni ile ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Ilichukua nafasi ya sheria ya zamani ya 1996. Inasema mtu asianze ujenzi katika kaunti bila kibali. Anayevunja anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au yote mawili.

Mtauliza, hata banda la kuku? Msikisie, na msimwamini fundi anayesema "huku kwetu hawafuati." Nendeni kwa afisa wa mipango, elezeni mnataka kujenga nini na wapi, kisha ombeni jibu lake kwa maandishi. Karatasi hiyo muiweke kwenye faili ya kikundi.

Swali: Tuanzie wapi?

Jibu: Fuateni ngazi hizi, msiruke hata moja.

Kwanza, ardhi. Nendeni ofisi ya ardhi mkafanye uchunguzi rasmi wa hati ili mjue mwenyewe ni nani na kama kuna deni juu yake. Kisha angalieni ramani kwa ofisi ya upimaji, muone kama kuna barabara, mto au mali ya umma inayopita hapo. Hapa ndipo sisi tulianguka.

Ikiwa mnanunua shamba la kilimo, kumbukeni kupata idhini ya bodi ya ardhi. Ombi lake lafaa kupelekwa ndani ya miezi sita tangu kuandikiana. Bila idhini, mapatano hayo hayana nguvu, hata kama mmelipa yote na wazee walishuhudia.

Pili, mchoro. Uchorwe na mtaalamu aliyesajiliwa, naye atie sahihi. Kabla ya kumlipa, mwambieni awaonyeshe cheti chake. Asiyetaka kukionyesha, muacheni.

Tatu, kupeleka ombi kwa kaunti pamoja na ada. Katika kaunti nyingi siku hizi ombi huingizwa kwa kompyuta. Kama hamna kijana wa kuwasaidia katika kikundi, mtafuteni mmoja wa parokia, lakini nambari ya siri ibaki kwa katibu wenu.

Nne, kungoja huku mkifuatilia. Sheria ya 2019 inasema kama siku 60 zimepita bila jibu la maandishi, kibali huhesabiwa kuwa kimetolewa. Lakini polepole! Hii si ruhusa ya kukimbilia jembe siku ya sitini na moja. Hakikisheni mna risiti na nakala yenye muhuri ya siku mliyopeleka ombi. Andikeni barua ya kukumbusha, mseme tarehe na kwamba siku 60 zimekwisha. Bila ushahidi wa tarehe, hizo siku 60 mtazihesabu peke yenu.

Swali: Tukikataliwa?

Jibu: Ombeni sababu kwa maandishi. Hiyo ni haki yenu chini ya Kifungu 47 cha Katiba. Halafu mnaweza kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiza malalamiko ya mipango ya ardhi, ndani ya siku 14 tangu uamuzi. Siku 14 ni chache. Kikundi kinachokutana mara moja kwa mwezi kitazimaliza kabla ya kukutana. Basi, mpeni katibu na mwenyekiti ruhusa mapema, iandikwe katika kumbukumbu, kwamba wanaweza kupeleka rufaa bila kungoja mkutano.

Hata ninyi majirani mna haki. Mtu anayeomba kibali anatakiwa kuwajulisha watu juu ya ujenzi wake ili wenye pingamizi waseme. Kwa hivyo mkiona tangazo la karakana au baa karibu na shule, andikeni pingamizi sasa. Kungoja mpaka jengo liishe ndiko kule kuambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta.

Swali: Askari wa kaunti akija?

Jibu: Usipigane na usimkimbie. Fanya mambo manne.
a) Mwombe kitambulisho cha kazi, uandike jina lake na nambari.
b) Uliza ni kosa gani na ni sheria gani.
c) Omba notisi ya maandishi. Notisi ya ujenzi lazima iseme kosa ni nini na unatakiwa kufanya nini. Juu yake pia unaweza kukata rufaa ndani ya siku 14 tangu kuipokea.
d) Usitoe pesa mkononi. Malipo ya kaunti huenda kwa akaunti au nambari ya simu ya kaunti, na risiti hutoka. Nambari ya simu ya mtu binafsi si ya kaunti, hata kama anavaa sare.

Najua ni ngumu. Nyanya ziko chini, mtoto analia mgongoni, na mia mbili inaonekana rahisi. Lakini Sheria ya Hongo ya 2016 inamshika anayetoa na anayepokea pia. Tena, mia mbili hainunui kibali. Inanunua wiki moja.

Swali: Nani anapanga hizi ada? Mwaka huu zimepanda na hakuna aliyetuuliza.

Jibu: Katiba, Kifungu 210, inasema hakuna kodi wala ada ya leseni inayotozwa bila sheria. Kwa kaunti, ada ziko katika Sheria ya Fedha inayopitishwa na bunge la kaunti. Mkitozwa ada, mna haki ya kuuliza, "Iko ukurasa gani?" Na kabla ya kupitishwa, wananchi lazima washirikishwe.

Si maneno matupu. Kaunti ya Kiambu ilipitisha Sheria ya Fedha ya 2013. Wananchi walienda kortini, na mwezi Aprili 2014 Mahakama Kuu ikaifuta kwa sababu watu hawakushirikishwa vya kutosha. Jaji alieleza kwamba kaunti yapaswa kuwafikia watu pale wanapokutana: makanisani, misikitini, barazani, na kwa redio za lugha za mama. Mnaona? Hata kanisa letu limetajwa kama mahali pa kupashana habari. Kwa hivyo tangazo la kaunti likisomwa baada ya Misa, msiondoke kwenda kunywa chai.

Tieni alama kalenda hizi tarehe. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Makadirio ya bajeti hupelekwa kwa bunge la kaunti kufikia 30 Aprili. Kwa hivyo mtu wa kudai zahanati mwezi wa Julai amechelewa. Mezi ya Februari hadi Mei ndiyo ya kupiga kelele, na kelele yenyewe iwe kwa karatasi.

Swali: Tunataka kuchimba kisima cha kikundi.

Jibu: Kisima kirefu cha mashine kinahitaji ruhusa ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji kabla ya kuchimbwa, chini ya Sheria ya Maji ya 2016. Hiyo si ofisi ya kaunti. Lakini kuhusu kuwauzia watu maji, bei na mabomba, semeni na ofisi ya maji ya kaunti. Na jambo la kwanza kabisa: shamba ambalo kisima kitakaa liandikwe. Vikundi vingi vimechimba kwa shamba la mfadhili mwema. Mzee akafa, watoto wakafunga geti.

Swali: Ofisini wanatuambia "rudi kesho" kila siku.

Jibu: Acheni kuuliza kwa mdomo. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 kujibu ombi la habari. Ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika, afisa anatakiwa kumwandikia. Kupeleka ombi hakulipiwi, ila gharama ya kutoa nakala tu. Wasipojibu, nendeni kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu huita Ombudsman.

Kumbukeni pia yule mjane wa Luka 18. Hakuwa na pesa wala ndugu mkubwa. Alirudi, akarudi tena, mpaka hakimu akachoka. Sisi tuna kitu ambacho yeye hakuwa nacho: nakala yenye muhuri.

Swali: Kikundi chetu hakijaandikishwa. Tunaweza kuomba?

Jibu: Andikisheni kwanza. Tangu Sheria ya Kuandikisha Vikundi vya Jamii ya 2022, kikundi kinahitaji watu wasiopungua kumi, na cheti hufanywa upya kila baada ya miaka miwili. Nendeni ofisi ya maendeleo ya jamii mkiwa na katiba yenu, orodha ya wanachama na kumbukumbu za mkutano. Leo hii tazameni tarehe kwenye cheti chenu. Wengi wenu kimekwisha na hamjui.

5. MFANO WA BARUA

Nakilini hii, mjaze yenu:

Kikundi cha ............ , S.L.P. ............
Tarehe ............

Kwa Msimamizi wa Wadi ya ............

YAH: OMBI LA HABARI

Sisi wanachama wa kikundi kilichotajwa, tukitumia haki yetu chini ya Kifungu 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, tunaomba kujua:
1. Kiasi cha fedha kilichotengwa kwa (maji, soko, zahanati) katika wadi yetu mwaka huu wa fedha.
2. Jina la mwanakandarasi na tarehe ya kumaliza kazi.
Tunangoja jibu lako ndani ya siku 21.

Wako,
Mwenyekiti, Katibu, Mweka Hazina (sahihi na nambari za vitambulisho)

Andikeni nakala mbili. Moja ibaki ofisini, nyingine igongwe muhuri mrudi nayo. Msikubali kurudi bila muhuri. Mali bila daftari hupotea bila habari, na haki ni hivyo hivyo.

6. KAZI YA KIKUNDI

Kabla ya mkutano ujao:
a) Watu wawili wamtembelee msimamizi wa wadi, wamjue kwa uso, walete siku zake za kuwa ofisini.
b) Mmoja atafute Sheria ya Fedha ya kaunti yetu, aangalie ada ya kibanda na ya soko, alinganishe na risiti zetu.
c) Kila mwenye kibanda au jengo alete karatasi alizo nazo. Tuone nani hana, tumsaidie kabla ya rangi nyekundu.
d) Nunueni faili moja ya kikundi. Isikae kwa nyumba ya mtu mmoja bila wengine kujua.

Mjadala wa kufunga: Katika kisa cha akina mama wa posho mili, ni nani angeuliza lile swali? Mwenyekiti? Fundi? Mimi? Ama kila mtu alimngoja mwenzake?

Mtataka kujua kikundi kile kiliishia wapi. Wale kumi na watano waliobaki walikaa mwaka mzima bila kujenga kitu. Halafu walikodi chumba kwa nyumba ya mtu mwenye kibali, wakaweka mashine ndogo. Inasaga mpaka leo. Ukutani wametundika leseni, cheti cha kikundi na risiti, zote kwa fremu moja, karibu na picha ya Mama Maria. Na nikiwatembelea na wazo jipya, yule mama aliyeniambia ukweli huniuliza kabla sijakaa, "Umeuliza kwa ofisi?"

Siku hizi nauliza.

Mungu awabariki katika kazi zenu. Umoja ni nguvu.